Tuwape Wanafunzi Sauti Kabla ya Mizani

Kila mwaka mtihani wa kidato cha nne unapokwisha, jambo moja hutokea katika mitaa yetu ya Airport, huku Changamwe, na sidhani kwamba ni huku kwetu peke yake. Vitabu vya mashairi huondoka majumbani. Vingine huuzwa kwa bei ya kutupa kwa wale wanaongojea zamu yao ya mtihani. Vingine humfikia muuza njugu, naye akavichana ukurasa baada ya ukurasa na kuukunja kila mmoja kuwa kifuko. Hapana anayesikitika. Mwanafunzi aliyefaulu vizuri kabisa katika fasihi huachana na diwani yake siku ile ile moja na mwenziwe aliyeanguka, na yamkini wote wawili wasifungue nyingine maisha yao yote.

Wako wasemao kwamba vijana wa siku hizi hawautaki ushairi kwa sababu ya simu, mpira wa Uingereza na nyimbo za kigeni. Mimi siafikiani nao. Mtu hawezi kukichukia chakula ambacho hajaonjeshwa. Rai yangu ni kwamba tumewapa vijana wetu mizani kabla ya kuwapa sauti. Tumewafundisha kulihesabu shairi kabla hawajalisikia, kisha twashangaa wanapolitua chini kama mzigo mara tu mwenye mzigo, yaani mtihani, anapoupokea. Mimi mwenyewe nimepita njia hiyo tangu utoto hata utu uzima. Nitaieleza hapa, si kwa kuwa maisha yangu yana ajabu yoyote, bali kwa kuwa ni njia waliyopita wengi wa wasomaji wa ukurasa huu.

HATA AIRPORT KUNA MASHAIRI

Kwanza niwajibu wanaocheka wanaposikia ushairi ukitajwa pamoja na Airport. Kwa mazoea, ukitaja malenga wa Mombasa watu hugeuza nyuso zao kisiwani: Mji wa Kale, Kuze, Kibokoni. Huku kwetu, wasema, kuna malori ya makontena, matangi ya mafuta na uwanja wa ndege tu. Ni kweli vyote vipo. Lakini Changamwe si jina la juzi. Wachangamwe ni mojawapo ya Thelatha Taifa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Na Thelatha Taifa wakiunganishwa na Tisa Taifa ndio Miji Kumi na Miwili ya Waswahili wa Mombasa. Jina hili lilikuwa la watu na maneno yao kabla ya kuwa la barabara na viwanda.

Tena leo wadi yetu ina kila kabila. Utamkuta Mdigo, Mgiriama, Mbajuni, Mtaita, Mkamba, Mluhya na Mjaluo katika nyumba moja ya vyumba sita, wote wakichota maji mfereji mmoja, na watoto wao wakisema Kiswahili kimoja. Jambo hili nitalirudia, maana ndilo linalotumiwa kama hoja na wale wasiokubaliana nami.

KAZI YA KINA

Nilizaliwa katika miaka ya sabini. Nyanya yangu, mama wa mama, asili yake Lamu, alikuwa akitughania usiku baada ya Isha, sisi tumejilaza mkekani uani. Aliupenda sana Utendi wa Mwana Kupona, ule ambao Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia bintiye Mwana Hashima. Nyanya hakuusoma kitabuni. Aliupokea kwa masikio kutoka kwa mamake, naye mamake kwa wa kabla yake.

Wakati huo ule uwanja ambao wazee wetu waliuita wa Port Reitz ulikuwa umekwisha kupewa jina la Moi, na ndege kubwa za watalii kutoka Ulaya zilikuwa zikituwa kwa wingi. Ndege inapopita juu ya bati la nyumba, sauti ya binadamu haisikiki. Nyanya alikuwa akinyamaza na kungoja. Ndege ikishapita, huuliza, “Haya, tumefika wapi?” Nasi, ambao nusu ya maneno yale hatukuyafahamu, tulimrudisha pale pale alipokatizwa.

Tulijuaje? Kwa kina. Katika utenzi vipande vitatu vya mwanzo vya kila ubeti hupatana kwa kina kimoja, na kipande cha nne huwa na kina chake, ambacho hurudi mwishoni mwa kila ubeti tangu mwanzo wa utenzi hata tamati. Sikio likishazoea, mtoto wa miaka saba aweza kukuambia kwamba bado vipande viwili ubeti utimie, ijapokuwa hajui hata maana ya neno “ubeti”. Mizani nane kwa kila kipande humpa pumzi ya kutulia. Kina humpa mahali pa kushika. Mimi niliyajua hayo kwa masikio na ulimi miaka mingi kabla ya mtu yeyote kunitajia majina yake.

Hii ndiyo kazi ya vina na mizani. Havikuwekwa kwa pambo, wala havikuwekwa ili vihesabiwe. Ni kamba iliyofungwa ndooni ili maji yapande kutoka kisimani. Tazama Muyaka bin Haji, malenga mkuu wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu miongo kadhaa, ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya akishirikiana na mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor. Diwani yake ilipigwa chapa Johannesburg mwaka 1940, yaani miaka mia baada ya kifo chake. Kama beti zile zisingekuwa na kamba imara, zingefika wapi?

Baada ya nyanya zikaja kaseti. Nani katika rika letu asiyemkumbuka Juma Bhalo, akiimba maneno ya Ustadh Ahmad Nassir, yule yule wa Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971? Nani hakumsikia Zein l'Abdin na udi wake, akiimba tungo za Sheikh Ahmad Nabhany? Na ziko kaseti zilizokuwa hazina ala yoyote, kama ile ya Wasiya wa Mabanati wa Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, alioutunga mwaka 1974 kuwaonya wasichana na hila za wanaume. Kaseti hiyo ilipita nyumba kwa nyumba, akina mama wakiisikiliza na kulia. Hapana mwalimu aliyewalazimisha. Hapana aliyewauliza baadaye ni bahari gani.

Katika hali hiyo kijana huanza kutunga bila ya kujua kwamba anatunga. Nilipokuwa kidato cha pili wenzangu walikuwa wakinijia niwatungie beti za kuwapelekea wasichana. Ujira wangu ulikuwa soda moja na mahamri mawili. Beti zile zilikuwa dhaifu, lakini zilikuwa na mtu wa kuzipokea, na zilikuwa na haja. Shairi lisilo na wa kulipokea ni barua isiyo na anwani.

WINO MWEKUNDU

Kisha tukaingia katika ushairi wa mtihani. Wasomaji wenye watoto shuleni wanayajua maswali yenyewe. Taja bahari ya shairi hili kwa kuzingatia vina. Eleza umbo lake. Andika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari. Taja mifano miwili ya uhuru wa mshairi. Mwanafunzi hukariri orodha: tarbia, takhmisa, ukara, ukaraguni, mtiririko, ukwapi, utao. Akishaijua orodha huweza kulijibu shairi asilolifahamu, na hata asilolisoma mpaka mwisho.

Mfano mmoja ulinigusa zaidi kwa kuwa mimi ni mtoto wa pwani. Tulifundishwa kwamba mshairi ana ruhusa ya kufupisha maneno, na kwamba jina la ruhusa hiyo ni inkisari. Ana ruhusa pia ya kuleta maneno ya kale na ya lahaja. Katika mifano ubaoni yaliandikwa “yalopita” badala ya “yaliyopita”, na “mato” badala ya “macho”. Nikatazama ule ubao nikastaajabu. Nyanya yangu alisema “yalopita” alipokuwa akinunua samaki. Alisema “mato” alipokuwa akitupaka wanja. Hakuwa ameomba ruhusa kwa mtu. Hicho ndicho kilichokuwa Kiswahili chake cha alfajiri mpaka usiku, na washairi wengi tuliokuwa tukiwasoma walikuwa wakisema kama yeye. Lakini kwa hesabu ya darasani, lugha ya nyumba yetu ilikuwa ni namna ya kosa lililosamehewa.

Mwaka huo jirani yetu mmoja, mvuvi, alizama katika hori ya Port Reitz. Nikamtungia taazia ya beti sita, mishororo minne minne, nikaipeleka kwa mwalimu kwa kuwa ndiye mtu mwenye elimu ya ushairi niliyemjua. Ilirudi na wino mwekundu: ubeti wa nne, mshororo wa pili, mizani 17. Chini yake alama, sita juu ya kumi. Mshororo ule kweli ulikuwa na mizani 17, nilihesabu. Lakini hakuniuliza aliyekufa ni nani.

Simlaumu yule mwalimu. Alikuwa na darasa la vijana zaidi ya hamsini, silabasi ya kumaliza, na mkuu wa shule anayetaka wastani upande. Angetumia saa ngapi kuuliza habari za kila maiti wa mitaa ya Changamwe? Nasema tu kwamba baada ya siku ile sikuandika shairi jingine nikiwa shule, na nilianza kuzisoma diwani kwa kidole, nikigonga meza: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na sita. Nilipata alama nzuri. Sauti ya nyanya ilikuwa imekwisha kutoka katika maandishi.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Watasema wanaotetea mtindo huu: wewe ulikuwa na nyanya wa Lamu, je, yule mtoto wa Kitui au wa Siaya aliyezaliwa hapo Airport, asiye na nyanya wa kumghania, ataingiaje katika ushairi wa Kiswahili kama si kwa kufundishwa kanuni? Na watasema tena kwamba mtihani wa KCSE, tangu ulipofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, umemlazimisha kila mtoto wa Kenya anayefika kidato cha nne kukutana na shairi la Kiswahili, jambo ambalo hakuna utawala wala dini wala redio iliyowahi kulifanya.

Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 aliwafungulia watu wengi mlango. Kanuni zikiandikwa, huna haja ya kuzaliwa Mvita ndipo uzijue. Huzinunua dukani kama wengine wote. Kwa hivyo kanuni ni haki ya yule asiyezaliwa ndani ya nyumba.

Lakini mlango si nyumba. Ibrahim Noor Shariff, katika kitabu chake Tungo Zetu cha mwaka 1988, alionyesha kwamba tungo za Waswahili ni aina nyingi kuliko zile zilizozoeleka vitabuni, na kwamba msingi wake ni uimbaji: kila aina ina mahadhi yake. Basi mtoto wa Siaya akifundishwa idadi ya mizani bila mahadhi, ameoneshwa mlango akaambiwa aukariri upana na urefu wake. Na mtoto wa pwani, aliyekuwa amekwisha kuwemo ndani, ametolewa nje ili naye akaupime. Wote wawili wamesimama barazani. Huu si usawa ninaoutaka mimi.

Na wala tusije tukadhani kwamba dawa ni kuzitupa kanuni. Mjadala huo ulikwisha kupigwa sana miaka ya sabini, tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 kwa mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Hata huku Mombasa, Alamin Mazrui alitunga kwa njia hiyo katika Chembe cha Moyo cha mwaka 1988, na hapana aliyeweza kusema kwamba si mtu wa pwani. Shairi huru nalo hufa likipimwa kwa macho. Siku hizi mwanafunzi huulizwa sifa zake, naye hujibu kwamba halina vina; basi, amemaliza kazi.

SHAKA YA DINI

Nilipomaliza shule niliingia katika darsa za msikitini, na huko nikakutana na jambo jingine ambalo wasomaji wengi wamepata kukutana nalo. Kijana mwenzangu, mwenye nia njema, aliniambia kwamba Kurani imewalaumu washairi. Akanitajia Sura ya 26, ambayo hata jina lake ni Ash-Shu'araa. Hapo hamu ndogo iliyonibakia ikapoa. Sikutunga wala sikusoma diwani kwa muda mrefu. Nikiona kaseti za zamani nyumbani nazipitia mbali.

Aliyenifungulia jambo hili ni mzee mmoja maamuma wa kawaida, si mwanachuoni mwenye jina. Aliniuliza kama nimeisoma sura hiyo mpaka mwisho. Maana baada ya kulaumiwa wale wasemao wasiyoyatenda, kumetolewa walioamini, wakatenda mema na wakamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Akanikumbusha Hassan bin Thabit, Sahaba aliyemtetea Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa mashairi yake. Kisha akasema neno ambalo sikulisahau: lawama ni ya mwenye kusema jambo ambalo hayumo ndani yake.

Neno hilo lilinifafanulia mengi, hata ya shuleni. Zile beti nilizowaandikia wenzangu kwa mahamri mawili, mapenzi ndani yake hayakuwa yangu. Na yale majibu ya mtihani, ya kusema “mshairi ana huzuni” kwa sababu mwongozo umeandika hivyo, ni jamaa yake. Nikaanza kutafuta shairi ambalo mwenyewe yumo ndani.

SAUTI KUTOKA KIZUIZINI

Nililipata mjini, kwa muuza vitabu vikuukuu aliyetandaza chini njiani. Kilikuwa Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla. Mombasa sote tunaijua habari yake: kijana wa hapa hapa, aliyezaliwa mwaka 1946, akawa karani katika baraza la mji, akafungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi aliyoiita Kenya: Twendapi? iliyoikosoa serikali. Alikaa gerezani peke yake mpaka mwaka 1972, akaandika tungo zake kwa siri juu ya karatasi za choo. Kitabu kikatoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtungaji.

Nilianza kukisoma kwa mazoea yangu ya shule, kidole juu ya meza. Sikumaliza ubeti wa pili kidole kikasimama. Mle ndani mizani imetimia, vina vimetimia, hata mwalimu mkali kabisa asingepata pa kutia wino. Lakini huyu ni mtu aliye peke yake kwenye chumba cha mawe, hana kitabu, hana wa kusema naye, hajui karatasi yake itapona au itachukuliwa. Mimi nikafahamu, kwa fahamu zangu, kwamba mtu wa namna hiyo anahitaji tungo zenye kamba, ili karatasi ikipotea ulimi usizipoteze.

Mle pia muna shairi la ndugu wawili, Alii na Badi, wakigombea mnazi mmoja: mmoja yuko juu yake, mwingine yuko chini, kila mmoja na hoja zake. Mtihani waweza kukuuliza shairi hilo ni la aina gani, nawe ukajibu kwamba ni la majibizano, ukapata alama zako mbili. Lakini swali lenyewe la shairi ni mnazi ni wa nani, na nani amekuwa akila madafu muda wote huo. Watu wa pwani, ambao ardhi imekuwa kilio chao tangu kabla ya Uhuru, wakisomewa shairi hilo kwa sauti hawahitaji mwongozo. Nimejaribu. Nilisoma nje ya duka moja la mtaa wetu, na walioanza kubishana walikuwa wenye pikipiki.

Toka hapo nimeisoma diwani kwa namna nyingine: kwanza kwa sauti, mara mbili au tatu, kisha ndipo kwa hesabu ikihitajika. Na hesabu ikifuata sauti huwa tamu. Sambo ya Kiwandeo ya Sheikh Nabhany, ya mwaka 1979, imehifadhi majina ya viungo vya chombo cha kule Lamu na namna kinavyoundwa. Ukiisoma kwa kimya ni orodha ya majina usiyoyajua. Ukiighani, jahazi huunganika mbele yako, ubao kwa ubao.

BARUA YA MAMA

Kutunga nako kulirudi, kwa njia ambayo watu wengi wa Airport wataitambua. Ndugu yangu wa kike aliondoka kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, kupitia uwanja huu huu tunaolala kando yake. Mama alikuwa akipigiwa simu kila wiki, na kila wiki walisema maneno yale yale: hujambo, sijambo, pesa zimefika, alhamdulillahi. Yaliyokuwa moyoni hayakusemeka, kwa upande wa mama wala kwa upande wa binti. Ndipo mama akaniambia, “Nitungia kitu nimpelekee.”

Nilitunga beti tisa. Mama akazikariri, akazisoma mwenyewe katika simu, nazo zikaenda kama ujumbe wa sauti. Siku mbili baadaye likaja jibu, beti nne, kwa vina vile vile vyetu. Ndugu yangu alikuwa amelala mkekani pale pale nilipolala mimi. Shuleni alikuwa dhaifu wa fasihi. Mshororo mmoja wa jibu lake ulizidi mizani, naye akauvuta kwa sauti mpaka ukaenea. Katika beti zile alimwambia mama mambo ya nyumba aliyokuwamo ambayo hakuyasema kwa simu miezi minane, nasi tukajua la kufanya, na kwa rehema za Mungu alirudi salama. Shairi lilibeba lisilobebeka kwa maneno ya kawaida. Mwana Kupona alilijua hilo mwaka 1858.

YATUPASAYO

Sipendi kulalamika bila kuleta shauri. Nina mashauri manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni la walimu. Diwani mpya inapoingia darasani, wiki ya kwanza kitabu kifungwe. Mwalimu aghani, na kama hana sauti amwalike mtu wa mtaani mwenye sauti, au apige kanda. Kila mwanafunzi ahifadhi beti tano kabla ya kuulizwa swali lolote. Baada ya hapo mfundishe mizani utakavyo. Atakuwa anahesabu kitu anachokijua.

La pili, kila mwanafunzi atunge shairi moja kwa mtu mmoja kwa jambo moja la kweli, kisha alisome mbele ya mtu huyo. Apewe alama kwa kuangalia kama ujumbe umefika. Mizani ikizidi aambiwe, lakini aulizwe kwanza ni nani aliyekufa.

La tatu ni la wanaotunga mitihani. Kenya imekuwa na Tamasha la Muziki la shule ambako mashairi ya Kiswahili hughaniwa jukwaani, na watoto wa Siaya na Kitui wakaghani vizuri kabisa. Hiyo ndiyo hujja yangu kwamba sauti hufundishika. Kwa nini neema hiyo iwe ya wachache wa jukwaani, isiwe sehemu ya alama za kila mwanafunzi?

La nne ni letu sisi wazazi na maalimu wa vyuo. Chuoni watoto tunao mkekani kila alasiri, na masikio yao yamekwisha kunolewa kwa kuhifadhi Kurani na kasida. Kuwaongezea utenzi mmoja wa maadili kwa mwaka si kazi kubwa. Na nyumbani kila mwenye nyanya au babu anayejua utenzi, amrekodi leo. Simu tunazozilaumu ndizo zilizo na kinasa sauti.

Juzi kijana mmoja wa jirani, ambaye humsaidia jioni na masomo yake, aliniuliza kuhusu shairi fulani, “Ami, hili laweza kutoka kwenye mtihani?” Nilimwambia kwamba laweza. Akafungua daftari apate kuandika aina na bahari. Nikamwambia aweke kalamu, asimame, alisome kwa sauti mbele ya wadogo zake. Alisoma akisitasita, ubeti wa kwanza, wa pili. Kwenye ubeti wa tatu mdogo wake wa miaka sita, aliyekuwa akichezea kizibo sakafuni, alikitaja kina kabla kaka yake hajakifikia.

Hiyo ndiyo rai yangu. Mwalimu aliye na hoja ya kuipinga na ailete, ama kwa nathari, ama kwa beti. Akija kwa beti nitamjibu kwa vina vyake.